Novena Ambazo Sikuzimaliza

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na nimeamua kutoisubiri ipoe. Walionishauri niandike walitaka ningoje moyo utulie, ili maneno yawe matamu. Lakini najua kwamba sasa hivi, katika nyumba mojawapo ya mlimani humu iliyozungukwa na migomba, kuna mtu anayekohoa ndani ya kanga ili wazazi wake wasisikie, naye anaambiwa asali, avumilie, asiwe na haraka na Mungu. Mtu huyo hawezi kungoja mimi nipoe.

Naitwa Felista. Nina miaka ishirini na mmoja. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kitabu cha sala, matangazo ya chama cha kahawa, na kitabu kimoja cha sarufi kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo. Nasema hivi mapema ili mjue mimi ni mtu wa namna gani. Siwezi kuvumilia kosa. Ukurasa huu nimeuandika mara tano kwa sababu ya matone ya wino. Nikifagia ua na jani likaanguka nyuma yangu, narudia ua mzima. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso, nikikagua kazi ya mkunga. Tabia hiyo nusura iniue, na walikuwapo watu walioisaidia.

Kikohozi kilianza wakati wa masika. Nilidhani ni moshi wa jikoni, kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi. Mama alinipa asali, shangazi alinipa majani ya kuchemsha, nami nikaendelea kukata majani ya ng'ombe na kubeba maji kutoka mfereji. Mvua ziliisha, kikohozi hakikuisha. Kahawa ilipoiva nilikuwa nachuma kikapu kimoja wakati wenzangu wanachuma vitatu, na jua likianza kushuka nilitetemeka kwa baridi huku jasho linanitoka. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja sasa ilinizunguka mara mbili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Kijana mmoja, ambaye watu wake walikuwa wameshaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwetu kuzungumza habari za posa, alikuja Jumapili moja, akanitazama, akanywa uji nusu bakuli, akaenda zake na hakurudi. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Baba yangu ni mtu mwema na mkaidi. Shangazi, dada yake, alipoona nimedhoofu alikuja na neno lake bila kuzunguka.

"Kaka, chinja mbuzi. Wazee waliotangulia wanadai. Hata kipofu anaona."

"Nyumba hii ni ya Wakristo," Baba akasema.

"Na mtoto je, ni wa nani?"

Mbuzi hakuchinjwa, na Mwalimu Silvani akamsifu Baba mbele ya watu. Huyu Silvani ni mwalimu wa dini wa kigango chetu. Padre hufika kwetu mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote anayesimama mbele ni Silvani. Ni rafiki wa Baba tangu walipochunga mbuzi pamoja. Hanywi kupita kiasi, hapigi mke, anafika kwenye kila msiba. Nayasema haya kwa sababu nataka kumtendea haki, na kumtendea haki kunaniuma.

Wiki ile ile Mama akasema, "Basi tumpeleke mtoto hospitali, Moshi." Silvani alikuwa ameketi kwetu barazani. Aliweka kata ya mbege chini taratibu.

"Mama Felista, juzi mmemkataa shetani wa mbuzi, leo mnataka sindano? Ni shaka ile ile, imebadilisha nguo tu. Mpeni Mungu siku zake tisa. Mtoto asali novena. Asiikatishe. Ikikatika, aanze upya. Mungu hapokei kazi nusu."

Hadi leo maneno hayo yananichemsha damu. Lakini siku ile niliyasikia kama maji ya baridi. Nilipewa kazi! Kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye kanuni, ambayo mtu makini anaweza kuifanya bila kosa. Nilijiambia, kama kupona ni kusali siku tisa sawasawa, basi nimeshapona.

Nilichora mistari kwa mkaa ukutani, nyuma ya kitanda. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne nilikohoa katikati ya Salamu Maria nikasahau nilipofika. Nikafuta mistari, nikaanza upya. Safari iliyofuata nilifika siku ya sita. Nikasinzia kwa homa kwenye litania, ile sala ndefu ya kuitikia, nikafuta. Kisha nikajiwekea masharti mengine ambayo hata Silvani hakuyasema: magoti yasihame, mawazo yasitoke nje, neno lisitamkwe nusu. Mtu mwenye kifua kibovu anayejaribu kusali rozari nzima bila kukohoa ni kama mtu anayebeba maji kwa kikapu. Mimi nilibeba kwa miezi.

Na sasa niungame jambo baya zaidi. Mara moja nilifika siku ya nane. Sikuwa nimewahi kufika mbali hivyo. Asubuhi ile nilikohoa nikaona damu kwenye kitambaa, nyekundu, mbichi, yenye povu. Nilijua maana yake. Kila mtu mlimani anajua. Unadhani nilimwambia Mama? Nilikunja kitambaa nikakificha chini ya godoro la majani. Nilifikiri hivi: wakijua, watapiga kelele, shangazi atakuja, nyumba itajaa watu, na kesho nitashindwa kumaliza. Imebaki siku moja tu. Siku moja, halafu Mungu atakuwa hana pa kukwepea. Ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayo hayo.

Siku ya tisa nilikohoa mara tatu kabla ya litania kwisha. Nikafuta mistari.

Silvani alikuja na watu wa jirani kusali kwetu. Baada ya sala alitazama dari, akasema kwa sauti ya upole, "Mungu hanyimi bila sababu. Kuna kitu kimefichwa hapa nyumbani." Hakunitazama. Wanawake wote walinitazama badala yake. Mmoja alivuta kigoda chake nyuma kidogo, na sijui kama aliogopa kikohozi au dhambi. Baba aliinamisha kichwa. Mama peke yake aliinuka, akaanza kukusanya vikombe kabla watu hawajamaliza kunywa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya maishani.

Siku zilizofuata nilitafuta dhambi yangu kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye nyasi. Nilipata nyingi ndogo. Hakuna hata moja iliyotosha kuua mtu.

Sasa nikueleze jinsi nilivyookoka, maana watu huniuliza kama nilipata ono. Sikupata ono. Nilikwenda kuungama.

Padre alifika kwa zamu yake ya mwezi, muda mfupi kabla ya masika ya pili. Ni Mzungu mzee, ana ndevu nyeupe, na Kiswahili chake ni kama hatua za mtu anayetembea kwa magongo, lakini kinafika. Nilikuwa nimeandika orodha. Nilipiga magoti nikasoma.

"Padre, nimekatisha novena mara thelathini na nane."

"Mara ngapi?"

"Thelathini na nane. Huenda ni thelathini na tisa. Kuna moja sina hakika nayo."

"Kwa nini unakatisha?"

"Kikohozi, Padre."

"Kohoa nisikie."

Sikuhitaji kujilazimisha. Nilipomaliza, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Nilimsikia akihesabu miezi kwa lugha yake. "Damu?"

"Ndiyo."

"Nani anajua?"

"Mungu."

"Mungu anajua, vizuri sana," akasema. "Sasa ajue na daktari. Binti, hizo si dhambi. Karatasi hiyo ichome. Malipizi yako ni kulala na kula mayai. Na unipe ruhusa nizungumze na baba yako habari ya kikohozi. Kikohozi tu."

Nilimpa. Alitoka nje stola, kile kitambaa cha kuungamishia, bado iko shingoni, akawapita watu wote waliokuwa kwenye foleni, akaenda moja kwa moja mpaka aliposimama Baba na wazee. Sikusikia yote. Nilisikia "miezi kumi," na nikasikia "nani alikwambia hivyo?" Baba akamtazama Silvani. Silvani akatazama viatu vyake. Katika wanaume hao wawili, hakuna aliyenijia siku ile kuniambia neno lolote. Baba aliazima blanketi zuri la kaka yake kwa ajili ya safari, akaliweka mlangoni pa chumba changu, akaondoka. Nilitaka maneno. Nilipata blanketi.

Kama unadhani hapo mambo yalinyooka, basi hujawahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Mara ya kwanza tuliposhuka Moshi na Mama, siku ya Jumatatu, tulikaa tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani, kisha karani akatuambia siku ya wagonjwa wa kifua si leo, ni Alhamisi. Alhamisi tuliambiwa mashine ya picha imeharibika. Mara ya tatu dresa, msaidizi wa daktari, kijana wa rika langu aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi vizuri, alinitazama juu mpaka chini akauliza kwa sauti ili benchi zima lisikie, "Na ninyi wa mlimani, kwa nini mnangoja mpaka mmekwisha ndipo mje?"

Mama akamjibu, "Tulikuja Jumatatu. Ulikuwa hapo hapo, ukinywa chai."

Benchi likacheka. Dresa naye, kumbe si mtu mbaya, akacheka, akatuingiza.

Benchi lile nalikumbuka kuliko kitanda. Lilikuwa fupi kwa watu wote, kwa hiyo tulibadilishana: anayekohoa damu akae, anayekohoa kikavu asimame. Hakuna aliyetupangia hivyo. Mzee mmoja alinipisha nafasi yake, na baada ya kitambo nilimwona ameketi chini, ameegemea ukuta, macho yamefumbwa. Nilimwombea palepale, haraka haraka, bila ishara ya msalaba. Baadaye nilijilaumu kwamba nilisali vibaya. Ndivyo nilivyokuwa.

Walinilaza katika hospitali ya kifua, huko tambarare, ambako mlima unauona wote kwa mbali kana kwamba si kwenu. Kila asubuhi sindano. Makalio yalikuwa magumu kama gome, nesi akitafuta pa kuchoma kwa kidole. Kulikuwa na unga mchungu uliogeuza tumbo, na ilinibidi nijifunze kuutapika baada ya saa moja, si kabla, ili nisinyweshwe upya. Mwezi wa pili masikio yalianza kuvuma, na nilipotembea niliyumba kama mlevi wa mbege. Hadi leo sikio la kushoto halisikii kengele ndogo ya misa. Lakini homa ilianza kupungua, na siku moja niligundua nimekula bakuli zima la mtori wa ndizi ambao Mama alinibebea, na nilikuwa nalamba kijiko.

Kanuni ya kutoka ilikuwa moja. Kila mwezi unatoa makohozi kwenye kikopo, yanapimwa. Yakiwa safi mara tatu mfululizo, unakwenda nyumbani. Yakikutwa na ugonjwa, hata kama yalikuwa safi mara mbili kabla, unaanza kuhesabu upya. Mtaona kilichonipata. Ilikuwa ile ile! Novena nyingine, ya miezi, tena ya kikopo. Nilianza kuogopa kikopo kama nilivyoogopa litania.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala Bi Mwanaidi, mke wa fundi cherehani wa Rau, kando ya mji wa Moshi. Ni Mwislamu, mtu mzima, mnene kidogo hata katika ugonjwa, na mdomo wake haukuwa na likizo. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akajibu, "Marahaba. Lakini bibi ni mama yako mzaa mama. Mimi ni Bi Mwanaidi, na meno yangu yote ninayo."

Aliniona ninavyosali. Nilikuwa napiga magoti kitandani kinyume cha amri ya nesi, nakohoa, naanza upya, nakohoa, naanza upya. Siku moja akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, unamfanyia nani mtihani?"

"Nasali."

"Naona. Ninyi Wachaga hata Mungu mnamweka kwenye mizani, kama kahawa. Kilo ikipungua mnarudisha gunia." Akageuka upande, akahema. "Mimi naswali nimelala. Nikichoka zaidi naswali kwa ishara ya macho. Ndivyo tulivyofundishwa, mgonjwa ana ruhusa. Aliyeniumba anajua kanipa mapafu ya namna gani."

"Sisi kwetu ni tofauti," nikasema kwa kiburi.

"Kwenu Mungu hajui habari za mapafu?"

Nilikasirika nikamgeuzia mgongo. Lakini kesho yake nilisali nimelala. Nilikohoa kwenye Baba Yetu, nikaendelea pale pale nilipoishia, kwenye "mkate wetu." Nilitetemeka kana kwamba nimeiba. Hakuna kilichotokea. Nesi alikuja na unga mchungu.

Nataka kusema wazi hapa, kwa sababu mtu atasema Felista amefundishwa dini yake na Waislamu: hayo yalikuwa yetu tangu zamani. Padre aliniambia baadaye kwamba mgonjwa wetu pia ana ruhusa, ilikuwamo siku zote. Hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Waliona haja ya kuniambia kuhusu dhambi iliyofichwa.

Kufikia mwezi wangu wa sita pale, makohozi ya Bi Mwanaidi yalikuwa yameshakuwa safi mara mbili. Yangu nayo mara mbili. Nilihesabu kipimo kimoja tu kimebaki. Siku ya majibu dresa wa huko aliita majina barazani. Bi Mwanaidi, safi, anakwenda nyumbani. Felista, ugonjwa upo. Anza upya.

Nimeahidi kuungama, kwa hiyo naungama. Sikuihuzunikia nafsi yangu tu. Nilimchukia yule mama. Niliwaza, hakubatizwa, hakufunga, hakumaliza siku tisa za kitu chochote, anapiga soga mpaka wakati wa dawa, na yeye amejibiwa. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siyaandiki. Bi Mwanaidi alikuja kitandani kwangu amejifunga kanga mpya, ananukia karafuu, mumewe anamsubiri mlangoni na kofia mkononi.

"Mwanangu, mimi huyo. Hutaniaga?"

Nililala nimeelekea ukutani, macho nimefumba, nikajifanya nimesinzia. Aliniwekea mkono begani, akauondoa, akaenda.

Wiki ile sikusali kabisa, hata nimelala. Nilikuwa nimekata tamaa, lakini kukata tamaa kwangu kulikuwa safi na kumepangwa vizuri, kama kila kitu changu. Niliamua sitakunywa unga tena. Nitamwaga nje ya dirisha. Asubuhi ya kwanza nilipotaka kuumwaga, niliona kwamba chini ya dirisha tayari kulikuwa na doa jeupe ardhini. Mtu aliyelala kitanda kile kabla yangu alikuwa amefanya hivyo hivyo. Sikujua alikuwa nani. Nilijua tu kwamba kitanda kilikuwa wazi nilipokuja. Nilikunywa unga. Haikuwa imani. Lakini nilikunywa, na kesho yake nikanywa tena, na sasa naona hilo ndilo tumaini pekee nililokuwa nalo wakati ule, na lilikuwa chungu, na lilitosha.

Mama alipokuja mwisho wa mwezi nilimweleza habari ya Bi Mwanaidi. Kwetu mtu akimkosea mwenzake humpelekea isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, limefungwa fundo. Anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nilimwomba Mama alipeleke Rau. Alitoka nyumbani na jani, akateremka mpaka kwa fundi cherehani, akakuta Bi Mwanaidi yuko kisimani, akamwachia mume jani na jina langu, akarudi. Mwezi uliofuata akapita tena kumsalimu, ndipo akaja kwangu anacheka peke yake tangu mlangoni.

"Amelichemsha," akasema.

"Amechemsha nini?"

"Isale! Alidhani ni dawa ya kifua ya mlimani. Amekunywa siku tatu, asubuhi na jioni. Anasema ni chungu mno, lakini aliona aibu kuikataa kwa kuwa imetoka kwako."

Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nesi akaja. Nilikuwa sijacheka tangu masika ya mwanzo. Mama akasema alimweleza maana yake, na Bi Mwanaidi akashika tumbo kwa kicheko, akajibu, "Basi mwambie msamaha nimeshaunywa, siwezi kuurudisha."

Makohozi yangu yalikuwa safi mwezi ule, na uliofuata, na uliofuata. Dresa aliposoma jina langu mara ya tatu nilimwomba asome tena. Alisoma tena. Nilimwomba anionyeshe karatasi. Akanionyesha. Ni mimi huyo.

Nilirudi nyumbani kahawa ikiwa inachanua, shamba zima jeupe na linanukia. Jumapili ya kwanza Mwalimu Silvani aliongoza sala. Alipofika kwenye shukrani alinyoosha mkono upande wa wanawake.

"Tumshukuru Mungu kwa mwenetu Felista. Mmeona wenyewe nguvu ya novena. Alisali bila kukatisha, na Mungu akajibu. Ninyi mnaougua, mfuateni yeye. Msikimbilie huku na huku."

Nilisikia vizuri, hata kwa sikio moja. Nilisimama. Kwetu msichana hasimami kanisani akasema asichoulizwa. Mama alinivuta nguo. Kisha akaiachia.

"Mwalimu, sikumaliza," nikasema. "Hata moja. Nilikatisha zote."

Pumzi zangu ni fupi, kwa hiyo nilisema kwa vipande.

"Nilikaa nyumbani miezi kumi nakohoa, mpaka nikatema damu. Haikuwa imani. Niliogopa. Aliyenipona ni Mungu, naamini. Lakini alikuwa ameshatoa jibu, liko Moshi, kwenye chupa, na sisi tulikuwa tunamsubiri alilete mlangoni. Mwenye kikohozi humu ndani aende kesho. Asali akiwa njiani."

Nikakaa. Hata hapo nilijilaumu: nilisema "aliyenipona" badala ya "aliyeniponya." Kosa la sarufi, kanisani, mbele ya watu wote.

Nje Silvani alinisubiri. "Binti, ungeniambia faragha."

"Shikamoo, Mwalimu. Wewe hukuniambia faragha kwamba nina dhambi iliyofichwa."

Baba alitembea mbele yangu na Mama njia nzima bila kugeuka. Nyumbani akasema, "Umenivua nguo mbele za watu." Nikasema, "Nami nilikuwa nakufa, Baba." Akakaa kwenye kigoda, akashika magoti yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mikono yake imezeeka. Akasema, "Najua. Nilikuwa nasikia kikohozi chako kila siku. Nilikuwa nahesabu." Sijui kama tumesameheana. Tunakula pamoja.

Jumatatu, umande haujakauka, nilikuta mtu amesimama njiani nje ya migomba yetu. Alikuwa Koleta, binti wa seremala, tuliyekuwa naye darasa la nne. Ana kifurushi kichwani na kanga mdomoni.

"Nilikusikia jana," akasema. "Nakohoa tangu kabla ya Krismasi. Kwetu hawajui kama nimetoka. Ni mbali?"

"Ni mbali."

"Utanisindikiza?"

Daktari alikuwa amenikataza kupanda na kushuka milima. Nilimsindikiza mpaka barabara kubwa. Yeye alisimama kukohoa, mimi nilisimama kuvuta pumzi. Tulikuwa kama vikongwe wawili, na mama mmoja aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni alitupita akatutania kwamba tutafika tukiwa na mvi. Koleta aliuliza kuhusu sindano, nikamwambia ukweli. Aliuliza kuhusu unga, nikamwambia ukweli. Nilimwambia karani atamrudisha, asikubali, akae pale pale. Kisha lori likaonekana, na akanishika mkono.

"Felista, nitapona?"

Mimi ninayechukia kukosea, nilitamani sana kuwa na jibu sahihi. Wapo wengi ambao wangempa moja palepale, pamoja na aya ya Maandiko.

"Sijui," nikasema. "Panda."

Alipanda. Hiyo ni miezi minne iliyopita. Makohozi yake bado hayajawa safi hata mara moja. Baba yake hanisalimii tena. Namwombea Koleta kila siku nikiwa nafanya kazi, namwombea nikiwa nimekasirika, na Mungu hajaniambia kitu. Alhamisi ijayo ninashuka kumpelekea mtori.